Kimya Changu Walikiita Ridhaa

Tumemzika Zena juzi juzi kule Sepuka, ubavuni mwa mdogo wangu Idi. Alikuwa mke wa Idi, kwa hiyo kwangu alikuwa shemeji, na kwa heshima hiyo nilipewa kiti cha mbele chini ya turubai na nikaletewa maji ya kunywa kabla sijaomba. Ukishazeeka watu hukuletea vitu kabla hujaomba, na jambo hilo hunikera mimi kuliko wazee wenzangu, kwa sababu ambazo zitaonekana. Kati ya waombolezaji wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba Zena, kabla hajawa shemeji yangu, alikuwa mchumba wangu. Waliokuwa wakijua wamekwisha kutangulia. Kabla ya mazishi nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta pa kujisaidia, nikakutana na kipande cha ukuta wa udongo ambacho wajukuu wamekiacha kiwe zizi la mbuzi. Nyumba zote sasa ni za bati, lakini ukuta ule niliujua. Ulikuwa ukuta wa chumba changu katika tembe la baba, na chini yake nililala mwaka mzima, nikisikia kila neno lililosemwa ndani ya nyumba ile, huku watu wakiwa na hakika kwamba nimekwisha kufa ila tu sijapoa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vijana waliokwenda vita vikuu kurudi na makoti yao mazito. Kwetu wakati ule kijana aliyekwisha kupeleka ng'ombe za mahari hakwenda kwa wakwe mikono mitupu siku ya kupanga harusi. Alipeleka asali, nayo iwe asali aliyoirina mwenyewe, maana baba mkwe alikuwa akiuliza ni mti gani, ni upande gani wa pori, nyuki walikuwa wakali kiasi gani, na mwongo alijulikana pale pale. Mimi nilikuwa na mzinga wangu juu ya mti mmoja mrefu wa mtundu, mwendo wa asubuhi kutoka nyumbani. Nilikwenda na Idi. Yeye alibaki chini na kijinga cha moshi, mimi nikapanda na kamba. Namkumbuka akikohoa, nakumbuka nikimwambia asisimame chini ya mzinga, nakumbuka tawi likilia. Mengine niliyasikia yakisimuliwa: kwamba kichwa changu kilipiga jiwe, kwamba Idi alinibeba mgongoni njia yote huku nyuki wakimfuata, na kwamba alipofika uani uso wake ulikuwa umevimba hata mama akashindwa kujua nani kambeba nani. Asali yenyewe ililiwa na siafu.

Sijui nilikaa gizani muda gani. Nilianguka wakati watu wakimalizia kuvuna mtama, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka baada ya hapo ni harufu ya mvua za kwanza zikilowesha paa la udongo. Nilikuwa nimelala chali juu ya ngozi ya ng'ombe. Juu yangu palikuwa na boriti nyeusi kwa moshi wa miaka, na mchwa walikuwa wakizitafuna, vumbi lao likinidondokea usoni. Nilisikia ndama akilalamika upande wa pili wa kihenge. Nilisikia mama akipepeta. Nikamwita. Mama akaendelea kupepeta. Nikamwita tena kwa hasira, maana nilidhani ananipuuza, na ndipo nilipong'amua kwamba sauti ile niliisikia mimi tu. Nikataka kuinua mkono. Mkono ulilala pale pale kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa kitandani kwangu. Niliogopa. Nimekwisha kuogopa mambo mengi maishani, lakini hofu ile sikuiona tena: kuwa ndani ya nyumba yenu, karibu na mama yako mzazi, na usiwe na njia ya kumfikia.

Macho yalikuwa yakifumbuka na kufumba kwa wakati wake, bila kuniuliza. Yakifumbuka, yalitazama pale yalipoelekezwa na kichwa, na kichwa kilitazama pale mama alipokilaza. Kwa hiyo siku nyingi nilitazama boriti, siku nyingine nilitazama ukuta, na mama alipokuwa na haraka nilitazama tumbo la kihenge mpaka jioni. Baba alimleta dresa wa zahanati, kijana nadhifu mwenye kaptula iliyonyooshwa, aliyekuja kwa baiskeli na kuifuta kwanza kabla ya kuingia ndani. Alinifunua kope, akanichoma unyayo kwa sindano. Niliusikia uchungu ule mpaka utosini, na ndani yangu nilimtukana dresa matusi ambayo sijayarudia tena. Unyayo haukutikisika. Akafunga mkoba wake, akamwambia baba kwa huruma, "Mzee, pumzi ipo, mtu hayupo." Sikumchukia kwa muda mrefu, maana alisema alichokiona. Lakini neno lake lilitoka nje ya mlango kabla ya baiskeli yake, na kufikia siku ya pili mtaa mzima ulikuwa ukilisema kama methali. Pumzi ipo, mtu hayupo. Watu walikuja kuitazama pumzi.

Wahenga wetu wamesema mgonjwa haulizwi uji, na mimi ndiye ninayeijua methali hiyo mpaka mwisho wake. Koo langu lilikuwa limebaki na akili ya kumeza, na hilo ndilo lililoniweka hai. Mama alinipa uji wa uwele mwepesi, asubuhi na jioni, akikiinua kichwa changu kwa mkono mmoja na kunimiminia kwa kibuyu kidogo. Hakuniuliza kama ni wa moto. Hakuniuliza kama nimeshiba. Mara nyingi ulikuwa wa moto. Chumba cha pili waliandaa ugali na mlenda, na nilijua kwa harufu kama mlenda ni mbichi au ni ule mkavu wa kiangazi, kama una karanga au hauna, kama samli imetoka kwenye kibuyu kipya au kile cha zamani kilichoanza kuchacha. Nilijua ni nani amechelewa kula kwa mlio wa kijiti cha kukwangua chungu. Sikukuu ya kufungua mfungo walichinja kuku, nikalia machozi kwa harufu ya mchuzi. Mama aliyafuta akasema kwa jirani, "Moshi huu utamla macho huyu." Alikuwa akiniita "huyu". Jina langu ni Athumani, naye ndiye aliyelichagua, lakini tangu dresa alipoondoka hakulitamka tena mbele yangu. Leo naelewa kwamba hakuweza. Wakati ule nilidhani amenisahau.

Jirani huyo alikuwa Mama Salima, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na mdomo usio na pazia. Alizoea kuja mchana kumsaidia mama kunipindua, na mama akitoka kwenda kisimani Mama Salima alibaki kunifukuzia nzi. Kwa kuwa mtu hayupo, alizungumza na pumzi. Nilijua habari za mumewe zote, na baadhi sikutaka kuzijua. Nilijua nani anatia maji kwenye maziwa ya kuuza, na nani alimwendea mganga kwa ajili ya shamba la nani. "Mungu si Athumani, ataleta heri tu," alimalizia kila siku, kama watu wasemavyo, akacheka kidogo, akajikumbuka, akaomba radhi kwa pumzi. Mimi nilicheka pia. Hakuna aliyeniona nikicheka, lakini nilicheka, na siku hizo ndizo zilizonizuia kuwa kichaa.

Idi ndiye aliyekuwa akizungumza nami kweli kweli. Alikuwa kijana wa maneno machache, mwenye mabega mapana na haya nyingi. Asubuhi, kabla ya kufungulia ng'ombe, aliingia, akanipangusa mwili kwa maji ya moto, akanigeuza ubavu mwingine nisioze, akaniambia habari za zizi. Fulani amezaa. Fulani anachechemea. "Kaka, mvua imekata, sijui itakuwaje." Aliuliza swali, akangoja kama mtu anayesubiri jibu, kisha akajijibu mwenyewe kwa upole. Sijui kama aliamini kwamba nasikia. Nadhani alikuwa na adabu tu, adabu ya mdogo mbele ya kaka yake. Mate yalipokuwa yakinitiririka alinifuta kwa pindo la shuka lake mwenyewe, hakutafuta kitambaa. Nayaandika haya mapema ili msomaji akifika mbele asimtafutie Idi ubaya, maana hana.

Mvua zile zilikuwa chache, na njaa ilipoanza kunusa mlangoni watu walianza kufikiria mambo yaliyosimama. Nilisikia kupitia ukuta sauti ya mshenga wetu, Mzee Nkungu, binamu wa baba, ambaye hakuweza kunong'ona hata msikitini. Alikuwa ametoka kwa baba yake Zena. "Anasema binti hawezi kukaa ndani akimngoja mtu ambaye hayupo," alisema. "Ng'ombe zenu zimeshazaa kule kwake, na nyingine amezitoa kumwozea mwanawe wa kiume. Kuzirudisha hawezi. Anauliza, si mna kijana mwingine?" Kisha nikamsikia Idi, ambaye kwa desturi asingefungua mdomo mbele ya wazee, akisema, "Baba, kaka akiamka nitamwambia nini?" Baba akamjibu taratibu sana, "Mwanangu. Akiamka."

Ndipo Zena alipokuja. Mchumba kwetu hakuwa akiingia kwa wakwe ovyo, lakini kumjulia hali mgonjwa ni jambo lisilokatazwa, kwa hiyo alikuja na shangazi yake mchana wa jua kali, amejifunga kaniki mpya yenye harufu ya dukani. Bahati ilikuwa upande wangu siku hiyo: mama alikuwa amenilaza nikitazama mlango. Nilimwona akiinama kuingia. Alikuwa amekonda. Shangazi yake alinitazama, akasema "Maskini ya Mungu," akatoka uani kunywa maziwa na mama. Zena akabaki, kwa kuwa alikuwa amebeba kibakuli cha uji na alisema atanipa mwenyewe. Aliukoroga, akanionjesha. Ulikuwa na asali. Tangu nianguke hakuna aliyenipa asali nyumbani kwetu, nadhani waliogopa hata kuitaja, na utamu ule ulinipanda kichwani nikaona nitainuka nimshike. Sikuinuka.

Alizungumza kwa Kinyaturu, chini chini, akiutazama mlango kwanza kisha macho yangu. Kwa Kiswahili ni kama hivi: "Athumani, wanataka kunipa Idi. Wazee watakuja kukuuliza, lakini mimi nakuuliza kwanza. Kama hutaki, fumba macho. Yafumbe niyaone, nami nitakataa, hata baba anipige."

Nimewahi kubeba magunia, nimewahi kusukuma lori lililozama matopeni, lakini kazi kubwa kuliko zote niliyoifanya katika uhai wangu ni ile ya kujaribu kufumba macho mawili mchana ule. Nilikusanya kila kitu nilichokuwa nacho. Nilisikia damu ikinguruma masikioni. Nzi alikuwa akitembea juu ya shavu langu akielekea jichoni, na macho yalikuwa yamejaa machozi, na kati ya machozi na nzi na ule mngurumo sikuweza kujua kama giza nililoliona kidogo lilikuwa ni kope zangu zimefunga au ni akili imezimika. Nilipomwona tena, Zena alikuwa amekaa vile vile, kibakuli mapajani, ananitazama. Akainua pindo la kaniki akanifuta machozi, jicho moja kisha la pili. Halafu shangazi yake akaita kutoka uani, "Zena, twende, jua linashuka," naye akajibu, "Naam, shangazi," akainuka. Hakugeuka mlangoni.

Basi nikangoja. Siku zilizofuata nilikuwa na matumaini kuliko mtu yeyote wilayani. Nilisikiliza kila salamu uani, nikitarajia Mzee Nkungu aje na sauti yake ile kusema kwamba binti amekataa, kwamba binti ana kichaa, anasema mgonjwa anasikia. Mama Salima alikuja akaniambia habari za mumewe. Idi alikuja akaniambia ndama amekufa. Habari niliyokuwa nikiingoja haikuja, na kidogo kidogo nikaanza kuelewa kwamba macho yangu hayakufumba. Nilikuwa nimesukuma mlango kwa nguvu zangu zote nao haukusogea.

Walikuja kuniuliza baada ya mavuno hafifu ya mwaka ule. Hili lazima nilieleze, kwa sababu watu wa leo watadhani walinifanyia dhihaka, na haikuwa dhihaka, ilikuwa heshima. Mdogo hamruki kaka yake. Ikiwa lazima mdogo aoe kabla ya mkubwa, sembuse kumwoa mchumba wa mkubwa, basi mkubwa huulizwa mbele ya wazee na kutoa ruhusa yeye mwenyewe, la sivyo ndoa ile ina nuksi. Na sisi tulikuwa Waislamu, tuliojua kwamba mwari akiulizwa juu ya ndoa yake huona haya kusema ndiyo, hivyo kimya chake ni ridhaa. Wazee wetu wakaziunganisha desturi hizo mbili, nzuri zote, na kwa kuziunganisha wakanipitisha katikati yake. Waliingia wamevaa kanzu, wakavua viatu. Mtu alikuwa ameninyoa, mtu alikuwa amenivika shuka safi. Idi alikuwa amepiga magoti karibu na miguu yangu, ameinamisha kichwa. Mzee Nkungu akasafisha koo. "Athumani mwanetu," akasema, na hilo lilikuwa jina langu baada ya muda mrefu, "mdogo wako anaomba ruhusa yako amchukue Zena binti wa watu, asipotee. Sisi wazee tupo, tunashuhudia. Unasemaje?"

Nilisema hapana. Nilisema hapana kama mtu anayezama. Ndama alikohoa. Mzee Nkungu akauliza mara ya pili, na ya tatu, akiacha nafasi ndefu na ya haki kila mara, na nyumba nzima ilikuwa tulivu hata nilisikia mchwa kwenye boriti. Kisha akapumua. "Kimya ni ridhaa," akasema. Wazee wakaitikia, "Kimya ni ridhaa," wakanyanyua mikono wakasoma fatiha. Mama alilia kwa kwikwi nyuma ya kihenge. Idi aliubusu mkono wangu, na mkono ule haukumkubali wala kumkataa.

Wanawake waliporudi kutoka kwenye nikaha kwa baba yake Zena, Mama Salima alinisimulia yote huku akinipepea, wali na nyama na nani alivaa nini. Akasema mashahidi walipoingia ndani kumuuliza binti, alijifunika kichwa na kukaa kimya, wakasema kimya ni ridhaa. Nililala nikatazama boriti. Niliwaza kwamba sote wawili tumeozwa kwa ndimi zisizosema.

Aliletwa akaishi katika tembe lile lile. Niliposikia bangili zake kwenye jiwe la kusagia nilijua kumekucha. Mama alikuwa amechoka, hivyo kazi ya kunilisha ikawa ya Zena, na sitamsingizia: alinilisha vizuri kuliko yeyote. Alipoza uji. Aliuonja kwanza kwa ncha ya ulimi wake. Lakini kuna jambo moja nililoliona na sikulielewa. Hakuwahi kunitazama macho. Alikuwa akitazama mdomo wangu tu, kibuyu na mdomo, kibuyu na mdomo, na akimaliza aliinuka akiwa ameinamisha uso. Nilidhani ni haya ya shemeji.

Wakati wa pepo kavu zilizofuata kidole changu kimoja kilianza kutikisika. Hakuna aliyekiona ila mimi. Kisha shingo ikaanza kunitii kidogo, na asubuhi moja Zena alipokuwa akinilisha nilisikia sauti mbovu, kama mlango wa zizi, ikisema, "Maji." Ilikuwa yangu. Zena aliangusha kibakuli. Hakusema Alhamdulillahi, hakumwita mtu. Alikimbilia nje, na ni Mama Salima aliyesikia kelele akaja, akanisikia, akapiga vigelegele vilivyokusanya mtaa. Idi alitoka machungani akikimbia, akanikumbatia akilia kama mtoto, akarudia, "Kaka, kaka." Kisha akajitenga kidogo, akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja. "Ulikuwa unasikia, kaka?" Nyuma yake mlangoni nilimwona Zena, mkono tumboni, ambako mtoto wao wa kwanza alikuwa ameanza kuonekana. Ilinichukua muda mrefu kulitengeneza neno, na neno lilikuwa, "Hapana."

Nilijifunza kutembea, nikajifunza kushona, nikahamia mjini Singida na cherehani yangu. Nilioa mwanamke mwema, Mungu amrehemu, aliyekuwa na subira ya kungoja sentensi zangu ziishe, maana ulimi wangu haukurudi kamwe kuwa ule wa zamani. Hata leo neno hukaa kooni likijivuta, na mabishano mengi nimeyashindwa kwa kuchelewa tu. Watu wa sokoni waliniita Bwana Taratibu. Kuhusu mwaka ule nilikuwa na huzuni moja tu ya kudumu: kwamba nilikuwepo, na hakuna kiumbe aliyejua.

Idi alifariki kabla ya Zena. Eda ilipokwisha, Zena alimtuma mjukuu aniite Sepuka. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, anachambua mlenda, macho yamefifia. Tuliamkiana, akaniuliza habari za wanangu wote kwa majina. Alipomaliza akasema, bila kuacha kuchambua, "Shemeji, siku ile niliyokuletea uji wa asali. Ulifumba macho."

Niliutazama ungo wa mlenda.

"Uliyafumba ukayakaza mpaka uso ukakunjamana. Nikaona. Nikakaa nikangoja uyafumbue, na yalipofumbuka nikajua unanitazama." Alitupa jani bovu. "Nilikuwa msichana, shemeji. Nilikutazama ulivyolala, nikamwona mama yako alivyokwisha, nikaona maisha yangu yote ni kibuyu na mdomo. Nikasema moyoni, ni mgonjwa, macho yamemlemea. Nilipotoka pale mlangoni nilikuwa nimeshajidanganya. Kisha Mungu akanipa kukulisha, na kila siku niliogopa utayafumba tena." Akachukua jani jingine. "Idi hakujua. Sikumwambia mpaka anakufa. Nakuomba unisamehe."

Nilikuwa na ulimi siku hiyo, wa polepole lakini ninao, na sikuutumia. Hasira ilinijaa mpaka vidoleni. Sikukasirika kwa kuwa alimchagua Idi. Katika umri ule hata mimi nisingechagua kuoa gogo. Nilikasirika kwa kuwa aliniacha miaka yote hiyo nikiamini kwamba mlango haukusogea. Alingoja. Majani yalianguka ungoni moja moja. Mwisho akatabasamu, tabasamu la mtu aliyetua mzigo, akasema, "Haya basi. Kimya ni ridhaa." Nikachukua fimbo yangu nikapanda basi kurudi mjini, bila kumsahihisha.

Hasira ilikaa kama wageni wanavyokaa, kisha asubuhi moja nikiwa natia uzi kwenye sindano nikaona haipo. Mahali pake palikuwa na kitu ambacho sikukitegemea. Zena aliniona. Wakati dresa, mama, baba na wazee wote walipoitazama pumzi, msichana mmoja alinitazama akajua kuna mtu. Nilikuwepo, na nilionekana. Alitenda alivyotenda, lakini aliniona, na nilitaka kwenda kumwambia mambo mawili: kwamba nimemsamehe, na kwamba namshukuru. Nilitaka niyaseme kwa mdomo wangu, ili safari hii asihitaji kunikisia. Nikasema nitakwenda mvua zikipungua. Mvua zilipungua. Nikasema nitakwenda nikimaliza sare za wanafunzi. Kisha mjukuu akapiga simu.

Pale makaburini, kabla ya kumshusha, shehe alisimama akauliza kama ilivyo desturi: "Jamaa, marehemu alikuwa binadamu. Kama kuna aliyekosewa naye, tunaomba amsamehe. Mmemsamehe?" Nilikuwa kwenye kiti changu cha mbele, walichonibebea mpaka huko. Nilivuta pumzi, nikakamata fimbo, nikaanza kulivuta neno kutoka kule linakokaa. Watu wote wakaitikia kwa sauti moja, "Tumemsamehe," na shehe akatoa ishara kwa mkono, na vijana wakainama kuushika mwili. Mimi bado nilikuwa njiani. Mdomo wangu ulikuwa wazi, shingo imekaza, neno limefika kwenye meno, na udongo ulikuwa umeanza kuanguka lilipotoka: nimemsamehe. Lilitoka peke yake, kwa sauti mbovu. Kijana mmoja, nadhani ni kitukuu cha Idi, maana ana mabega yale yale, alinifuta mate mdomoni kwa pindo la kanzu yake, akaniinamia sikioni kwa upole.

"Usijisumbue, babu," akasema. "Tumeshakuitikia."